Mwenda: Karani aliyefunza Afrika Mashariki kupiga gitaa kwa vidole viwili

WAHENGA walinena kuwa kidole kimoja hakivunji chawa. Ni wanamuziki wachache walioudhihirisha ukweli wa methali hiyo kama Jean-Bosco Mwenda, mwana wa Katanga aliyetumia kidole gumba na kidole cha shahada kulifanya gitaa moja lisikike kana kwamba linapigwa na watu wawili au watatu.

Mwenda hakuhitimu katika chuo chochote cha muziki. Aliajiriwa kama karani, na gitaa alilipiga baada ya saa za kazi. Hata hivyo, kwa muda wa miaka kumi hivi tangu mwaka 1952, santuri zake zilikuwa ndiyo shule ya maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki na ya Kati waliotamani kuwa wapigaji gitaa lakini hawakuwa na mwalimu wala kitabu.

Somo alilowaachia ni jepesi kulieleza na gumu kulitenda. Mwanafunzi hahitaji mishiko mingi ya mkono wa kushoto ili apige muziki wa maana. Mishiko mitatu inatosha, mradi mkono wa kulia uwe umefunzwa kutembea bila kusita.

Mzaliwa wa Bunkeya

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, kusini mwa nchi iliyokuwa wakati huo Kongo ya Wabelgiji. Bunkeya haukuwa mji wa kawaida. Katika karne ya 19 ulikuwa makao makuu ya Msiri, mfanyabiashara aliyetoka sehemu ambazo leo ni magharibi mwa Tanzania, akajijengea dola yenye nguvu kutokana na biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa. Msiri aliuawa Desemba 1891, wakati wa harakati za wakoloni kuinyakua Katanga.

Watu wa Msiri ndio waliojulikana kama Bayeke, na jina Mwenda lilibebwa na watawala wa Bunkeya kizazi baada ya kizazi. Misafara ya biashara iliyounganisha eneo hilo na pwani ndiyo iliyotangulia kukifikisha Kiswahili huko. Baadaye migodi ya shaba ilikusanya wafanyakazi wa makabila mbalimbali, na Kiswahili kikawa lugha yao ya mawasiliano. Ndiyo maana nyimbo nyingi za mwanamuziki huyu, ijapokuwa zilitungwa mbali na Mombasa na Unguja, zilieleweka na wasikilizaji wa Nairobi na Dar es Salaam bila mkalimani.

Akiwa kijana, Mwenda aliishi Jadotville, mji wa migodi ambao tangu mwaka 1966 unaitwa Likasi. Huko alipata kazi ya ukarani. Kazi hiyo ilihitaji mtu aliyesoma, na kwa viwango vya enzi hizo ilimweka katika tabaka la Waafrika walioheshimika mjini.

Miji ya migodi ndiyo iliyokuwa kitalu cha gitaa. Kijana aliyepokea mshahara aliweza kuweka akiba akanunua chombo dukani. Jioni, watu waliotoka vijiji mbalimbali walikutana mitaani, kila mmoja na nyimbo za kwao. Gitaa lilikuwa jepesi kubeba, na halikuwa mali ya kabila lolote. Lilifaa kuwa chombo cha wote.

Kujifunza kulikuwa kwa macho na masikio. Mwana hutazama kisogo cha nina, na mwanagenzi wa gitaa alitazama vidole vya aliyemtangulia. Hapakuwa na karatasi ya nota mbele yake. Aliona mahali kidole kilipokanyaga uzi, akajaribu, akakosea, akarudi tena kesho yake.

Mishiko mitatu

Msingi wa mtindo uliokuja kuhusishwa na Katanga ni kundi la sauti zinazolia kwa pamoja, ambalo wapigaji huliita kodi. Mathalani, wimbo unaopigwa katika ufunguo wa C huhitaji hasa kodi tatu, yaani C, F na G. Kwa anayeanza, hizo tatu ni kama vokali kwa mtoto anayejifunza kusoma. Kabla ya kuzijua hakuna neno linaloundika.

Katika kodi ya C, kidole cha pete hukanyaga uzi wa tano kwenye kituo cha tatu cha shingo la gitaa. Kidole cha kati hukanyaga uzi wa nne kwenye kituo cha pili, nacho kidole cha shahada hukanyaga uzi wa pili kwenye kituo cha kwanza. Nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba kabisa.

Ili kwenda F, kidole cha pete na cha kati huhamia pamoja uzi mmoja upande wa nyuzi nyembamba, bila kubadilisha vituo. Kidole cha shahada hakiondoki mahali pake. Hulala tu kidogo ili kikanyage pia uzi wa kwanza. Ili kwenda G ya saba, vidole vile viwili huhamia uzi mmoja kutoka pale vilipokuwa kwenye C, safari hii upande wa nyuzi nene, nacho kidole cha shahada husogea kutoka uzi wa pili hadi wa kwanza.

Anayetambua uhusiano huo hugundua kuwa kodi hizo tatu si vitu vitatu vya kukariri mbalimbali. Ni umbo moja la mkono linalosogezwa huku na huku. Mwanafunzi anayeinua vidole vyote na kuanza kuvitafutia mahali upya kila mara huchelewa, na wimbo hukatika. Anayehamisha vile tu vinavyopaswa kuhama hufika kwa wakati.

Siku za mwanzo huwa za uchungu, kwani nyuzi za chuma huuma ncha za vidole hadi ngozi ipate sugu. Wengi huachia hapo. Lakini maumivu hayo huisha baada ya majuma machache kwa anayepiga kidogo kidogo kila siku, hali yule anayepiga saa nyingi mara moja kisha akapumzika mwezi mzima huanza upya kila anaporejea.

Kidole gumba hakilali

Iwapo mkono wa kushoto wa mtindo huu ni rahisi kiasi, siri kubwa imo katika mkono wa kulia. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Gumba kilishughulikia nyuzi nene, kikitoa besi na kushika mwendo. Kidole cha shahada kilidonoa nyuzi nyembamba, kikitoa sauti ya juu inayojibizana na mwimbaji.

Ugumu ni kuvifanya vidole hivyo viwili viwe na uhuru, kila kimoja kikifuata njia yake bila kukivuta kingine. Katika muziki mwingi wa Afrika, mapigo mawili na mapigo matatu huenda sambamba ndani ya muda mmoja. Wapigaji ngoma wawili huweza kugawana kazi hiyo. Mpigaji gitaa aliye peke yake hana wa kugawana naye. Lazima vidole vyake ndivyo viwe ngoma mbili.

Zoezi lake laweza kufanywa hata mezani, bila gitaa. Mwanafunzi huhesabu moja hadi sita kwa mwendo ulio sawa, akirudia bila kupumzika. Kidole gumba hugonga kwenye moja na nne. Kidole cha shahada hugonga kwenye moja, tatu na tano. Mwanzoni vidole hugombana, kimoja kikitaka kumfuata mwenzake. Baada ya siku kadhaa za kuhesabu polepole, vitatulia, na sikio litaanza kusikia mapigo mawili na mapigo matatu yakitembea pamoja.

Hapo ndipo mwanafunzi huruhusiwa kurudi kwenye nyuzi. Kwanza hupiga kodi moja tu, gumba kikitangulia hadi kiweze kutembea hata mwenyewe akizungumza na mtu. Kisha huongeza kidole cha shahada. Kubadilisha kodi huja baadaye, na kuimba huja mwisho kabisa. Anayeruka hatua hizo hujikuta akisimamisha gumba kila anapotafuta kodi mpya, na gumba kikisimama, muziki umekwisha.

Aliyesikiliza santuri za Mwenda kwa makini aligundua kwamba jambo hilo halikutokea. Sauti za juu zingeweza kupinda, kuchelewa au kuwahi, lakini chini yake besi iliendelea. Ustadi huo ndio uliomtofautisha na wapigaji wengi wa mitaani waliojua kodi zile zile alizozijua yeye.

Siku alipopatikana

Mwaka 1952, Hugh Tracey alifika Katanga na mitambo yake ya kurekodi. Mzaliwa huyo wa Uingereza alikuwa amejitolea kuzunguka maeneo ya kusini na kati mwa Afrika akikusanya muziki wa wenyeji, na baadaye, mwaka 1954, aliasisi maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini. Mjini Jadotville alikutana na karani kijana mwenye gitaa, umri wake ukiwa miaka 20 na ushei.

Miongoni mwa nyimbo zilizorekodiwa ulikuwamo Masanga. Santuri yake ilitolewa na kampuni ya Gallo ya Johannesburg chini ya nembo ya Gallotone, na Masanga ukatuzwa kama rekodi bora ya muziki wa Kiafrika ya mwaka 1952. Mtu aliyekuwa akipiga gitaa kwa ajili ya marafiki na wapita njia akawa ghafla jina linalotajwa kutoka Kongo hadi Afrika Kusini.

Laiti njia za wawili hao zisingekutana, huenda vidole hivyo vingezeeka Jadotville bila kusikika kwingineko. Huo ndio uliokuwa msiba wa ufundi wa aina hii. Haukuandikwa popote. Ulikaa mikononi mwa mwenyewe, na mwenyewe alipoondoka uliondoka naye, isipokuwa pale palipokuwa na kijana aliyeketi karibu akitazama.

Santuri ikawa mwalimu

Santuri za enzi hizo zilizunguka mara 78 kwa dakika, na kila upande ulibeba wimbo wa takriban dakika tatu. Mwenye gramafoni ya kuzungushwa kwa mkono alikuwa tajiri wa kijiji, na nyumbani kwake palijaa wageni. Katika kundi hilo hakukosekana kijana ambaye hakuja kucheza. Alikuja kusikiliza gitaa.

Mwanafunzi wa santuri alikuwa na kazi ngumu kuliko yule aliyekaa mbele ya fundi, kwa kuwa hakuona vidole. Alisikia sauti tu, kisha akalazimika kukisia ni mkono wa namna gani ungeweza kuitoa. Wapo waliodhani wanasikia magitaa mawili, wakajitesa wakitafuta kupiga peke yao kile walichodhani kilipigwa na watu wawili. Baadhi yao walifaulu, na kwa kufaulu huko wakagundua mitindo yao wenyewe.

Humu nchini, mtindo wa kudonoa nyuzi kwa vidole ulistawi sana katika eneo la magharibi. George Mukabi, aliyefariki mwaka 1963, na John Mwale ni miongoni mwa majina yanayotajwa hadi leo kila historia ya gitaa la Kenya inaposimuliwa. Hawakuwa vivuli vya Mwenda. Mukabi hasa alijenga mtindo wa omutibo juu ya midundo na nyimbo za kwao, huku chupa ya soda ikigongwa kando kushika mwendo. Lakini walitokea katika zama ambapo gitaa la Katanga lilikuwa limekwisha kuonyesha kwamba mtu mmoja na chombo kimoja wanaweza kuwa bendi kamili.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, mwalimu huyo wa mbali alikuja mwenyewe. Mwenda aliishi Nairobi kwa muda, akawa na kipindi cha redio cha kila wiki kilichotangaza dawa ya maumivu ya Aspro. Jamaa yake Edouard Masengo, ambaye pia alikuwa mpigaji gitaa hodari kutoka Katanga, naye alifanya kazi ya muziki katika jiji hilo. Kwa Wakenya waliokuwa wakikisia vidole kutoka kwenye santuri, huo ulikuwa wakati wa kusahihisha makosa au kugundua kuwa hawakuwa wamekosea.

Upepo wabadilika

Kongo ilipata uhuru mnamo Juni 30, 1960. Siku kumi na moja baadaye Katanga ilitangaza kujitenga, na jimbo hilo likatumbukia katika vita ambavyo havikumalizika hadi Januari 1963. Jadotville yenyewe ilikuwa uwanja wa mapigano mwaka 1961.

Wakati huo huo, ladha ya muziki ilikuwa ikibadilika. Bendi kubwa za rumba kutoka Leopoldville, zenye magitaa ya umeme, tarumbeta na waimbaji kadhaa, ziliteka kumbi na mawimbi ya redio. Kile ambacho Mwenda alikifanya kwa vidole viwili sasa kiligawanywa miongoni mwa wapigaji watatu au wanne: mmoja wa besi, mmoja wa kushika mdundo, mwingine wa sauti za juu. Muziki huo ulikuwa mtamu na ulichezeka zaidi. Gitaa la mtu mmoja likaanza kuonekana kuwa jambo la wazee.

Ajabu ni kwamba kadiri vijana walivyolipa kisogo, ndivyo wasomi walivyolikimbilia. Mwaka 1961 na 1962, mtafiti David Rycroft alichapisha katika jarida la African Music uchambuzi wa namna Mwenda alivyobuni papo kwa papo kwenye gitaa, akiziandika kwa nota sauti ambazo mwenyewe alizibeba kichwani. Mwaka 1969 Mwenda alialikwa Marekani kutumbuiza katika tamasha la muziki wa kiasili la Newport.

Katika miaka ya 1970, utawala wa Mobutu Sese Seko ulipowataka wananchi wa Zaire kuyaacha majina ya Kizungu, Jean-Bosco akawa Mwenda wa Bayeke. Jimbo lake la Katanga liliitwa Shaba. Mpigaji gitaa na mtafiti John Low alisafiri hadi jimbo hilo ili ajifunze kutoka kwa Mwenda na mafundi wengine wa rika lake, na shajara ya safari hiyo ikachapishwa mwaka 1982. Alifanya kile ambacho kijana yeyote wa mitaa ya Jadotville angelifanya miaka 30 kabla. Aliketi karibu, akatazama vidole.

Mwaka 1988 Mwenda alirekodi tena nyimbo zake mjini Cape Town. Miaka miwili baadaye, mnamo 1990, alifariki katika ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 60. Albamu ya rekodi hizo za Cape Town ilitolewa nchini Marekani mwaka 1994, yeye akiwa ameshazikwa.

Urithi wa mwanagenzi

Ni rahisi kumkumbuka marehemu kwa tuzo na safari zake. Kwa yule anayeshika gitaa kwa mara ya kwanza, hata hivyo, urithi wake mkubwa umo katika jambo dogo zaidi. Mwenda alithibitisha kwamba anayeanza hana sababu ya kujidharau kwa kuwa anajua kodi tatu tu. Baadhi ya kazi zilizoheshimiwa kote barani zilijengwa kwa kodi hizo hizo.

Aidha, maisha yake yanaonya dhidi ya pupa. Leo kijana anaweza kupata kwenye simu yake video inayomwonyesha kila kidole kinapokaa, anufaike na kile ambacho babu yake alikitafuta kwa kukisia. Lakini hakuna video inayoweza kumfanyia mtu mazoezi. Sugu ya vidole haikopeshwi, na uhuru wa gumba haununuliwi. Vyote viwili hupatikana kwa kurudia jambo lile lile siku baada ya siku hadi mkono ulifanye bila kuulizwa.

Mafundi wengi wa rika la Mwenda wamekwenda zao. Sauti zao zimehifadhiwa katika maktaba na santuri, lakini gitaa la vidole viwili halitadumu kwa kuhifadhiwa tu. Litadumu iwapo mtu mmoja mahali fulani, baada ya saa za kazi, ataketi na chombo chake, ahesabu moja hadi sita, na akizuie kidole gumba kisilale.